Gereji isiyo na kibao, Duga: walivyoirudishia miguu katapila ya marehemu baba

Jumamosi iliyopita niliiwasha katapila ya marehemu baba kwa mkono wangu mwenyewe, nikaipeleka mpaka kwenye mikorosho ya mwisho wa shamba, nikaigeuza, nikarudi nayo bandani. Haikuvua mnyororo, haikuvuta upande, haikuchemsha. Hiyo ilikuwa wiki ya kumi na moja tangu itoke gereji. Nilijiwekea kwamba sitaandika neno la sifa wala la lawama kabla ya wiki kumi kupita, kwa sababu mashine iliyotoka kupakwa rangi humpendeza kila mtu siku ya kwanza.

Gereji yenyewe ipo Duga, hapa Tanga mjini, upande wa ndani ukiiacha lami. Haina kibao. Ina ua wa mabati ya zamani, mwarobaini mmoja mkubwa, na chini ya mwarobaini kuna fremu iliyoungwa kwa vipande vya reli ambako zinaning'inia chenibloku mbili. Ulizia kwa mzee wa makatapila, hata watoto wa shule watakupeleka. Jina lake siliandiki kwa kuwa mwenyewe hakutaka.

Niseme mashine ni ipi, maana watu wakisikia katapila wanafikiria yale madude ya njano yanayochonga barabara. Hii ni Caterpillar D2, ndogo, ya dizeli, silinda nne. Namba yake inaanza na 5U, na toleo hilo lilitengenezwa kuanzia 1947 hadi 1957. Uzito wake unapita tani tatu. Usukani haina: ina nyenzo mbili za mkono na breki mbili za mguu, kulia na kushoto, na ukitaka kukata kona unauachia upande mmoja usivutwe na injini huku mwingine ukiendelea kwenda. Baba aliiendesha kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza, enzi ambazo ukitaja Tanga umetaja mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Kazi ya baba ilikuwa kung'oa mikonge iliyozeeka ili ipandwe mipya. Shamba lilipouza mitambo yake kwa mnada, alitoa akiba yake yote akaichukua hii, akahamia nayo Tongoni kwenye kiwanja cha babu yetu. Alipofariki 2009 ilibaki chini ya mwembe. Pale ni pwani, upepo wa chumvi unapiga usiku na mchana, na kutu haihitaji mwaliko.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walinijia mara tatu. Wa mwisho alifika na milioni moja na laki tisa taslimu mfukoni, na nakiri nilikuwa nimeshamwambia aje Jumatatu na gari.

Kilichoniokoa ni picha. Mwanangu wa pili anasoma Kanada, na wikendi hiyohiyo alikuwa ametembelea makumbusho ya Joseph-Armand Bombardier kule Valcourt, Quebec. Akanitumia picha ya gari la ajabu: mwili wa mbao, madirisha ya duara kama ya meli, mbele limewekewa vibao vya kutelezea na nyuma minyororo. Ni gari la theluji, aina ya B12, lilianza kutengenezwa 1942 na lilibeba watu kumi na wawili. Chini ya picha akaandika historia ambayo niliisoma mara mbili. Majira ya baridi ya 1934 mtoto wa Bombardier, mwenye miaka miwili, aliugua tumbo. Theluji ilikuwa imeziba barabara, hospitali haikufikika, mtoto akafa. Miaka mitatu baadaye, 1937, baba yule akasajili uvumbuzi wake wa mnyororo wa mpira unaovutwa na gurudumu la meno, na magari yake yakaanza kubeba wagonjwa, barua na abiria juu ya theluji. Baadaye likaja refu zaidi, C18, kwa ajili ya kupeleka wanafunzi shuleni. Mimi nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka 31, na nimeona watoto wakikosa shule muhula mzima kwa sababu ya mto uliojaa. Gari la minyororo la kupeleka watoto shuleni lilinigusa mahali pake. Mwanangu akamalizia: "Mama, huku haya ya zamani watu wanayatafuta porini, wanayatengeneza upya bati kwa bati. Ya babu usiiuze." Jumatatu yule mnunuzi akaja, nikamrudisha na gari lake tupu.

Kabla ya Duga nilipitia gereji nyingine, sitaitaja. Fundi wao alikuja Tongoni, akafungua boneti, akasema injini imekufa, inunuliwe nyingine ya lori ifungwe pale, milioni tisa. Akafungua bomba za nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda, kwa kuzigonga patasi. Kovu la patasi lipo mpaka leo kwenye nati moja ya shaba, na nimelikataza lisipigwe msasa.

Sasa yule mzee. Alikuja kwa daladala, na mkononi ana mfuko wa kiroba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanywa maji, kisha akaomba ndoo, brashi ya waya na chaki. Boneti hakuigusa. Alipiga magoti kwenye majani akausugua mnyororo wa kushoto kiasi cha hatua mbili, mpaka chuma kikaonekana, akapiga alama za chaki kwenye pini sita na kupima umbali kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Akafanya hivyohivyo kulia. Kisha akatoa kitabu cha zamani kilichofungwa kwa nailoni, akalinganisha. "Injini nitaisikiliza baadaye," akaniambia. "Kwanza nijue miguu, maana huku ndiko hela yako itakakoenda."

Na ndiko ilikoenda. Kwa wanaotaka kununua mashine ya minyororo iliyotumika, hiki ndicho ninachowaomba mkisome kwa makini. Mnyororo wa katapila ni vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa pini, na kila pini imepita ndani ya bushi, yaani kipande cha bomba la chuma. Sproketi, lile gurudumu la meno la nyuma, husukuma bushi, na husukuma upande uleule mmoja miaka nenda miaka rudi. Upande huo unaliwa. Ndani nako pini inaliwa upande mmoja. Kila kiungo kikilegea nusu milimita, viungo thelathini na kitu vinakupa mnyororo mrefu kuliko ulivyozaliwa, haukai tena sawasawa kwenye meno, na meno yanachongoka kama ya papa. Wengi wakiona umelegea wanakaza. Mzee alinionyesha kwamba kwenye yetu mtu alishakaza mpaka mwisho wa nyuzi za skrubu, na kwa kukaza kule rola ya juu, lile gurudumu dogo linaloubeba mnyororo, ikabebeshwa mzigo usio wake, ikalika mpaka ikawa kama yai.

Dawa yake, kama hujachelewa, ni kugeuza. Unaifungua minyororo yote, unasukuma nje kila pini na kila bushi, unazigeuza nusu duara ili upande mzima ndio usukumwe, unazirudisha. Ni kama unavyogeuza godoro, ila kila kipande kimeingizwa kwa nguvu ya tani na tani. Kuna mashine maalumu ya kazi hiyo. Mzee hana. Ana jeki ya lori ya tani hamsini aliyoilaza ndani ya fremu ya reli, na mandreli, yaani vyuma vya kusukumia, alizokerezewa kwa kipimo cha pini.

Siku ya kwanza nilikaa pale kutwa nzima. Kijana anaipiga jeki taratibu, mzee ameweka kiganja juu ya kiungo, hatazami geji, anasikiliza kwa mkono. "Bado. Bado. Subiri." Jeki inakaza, fremu inalia, hakuna kinachosogea. Akachukua nyundo ya kilo mbili, akagonga ubavuni mwa kiungo mara moja, si kwa nguvu. Pini ikaachia kwa mlio kama bunduki na kusogea upana wa kidole. Aliponiwekea mkononi ilikuwa bado ya moto. Upande mmoja laini kama kioo na umebonyea, ukipitisha ukucha unasikia ngazi. Upande wa pili bado una rangi ya buluu ya chuma kilichochomwa kiwandani zaidi ya miaka sitini iliyopita, haujawahi kufanya kazi hata siku moja. Nimefundisha watoto nusu na robo maisha yangu yote, lakini nusu ya kitu kilichochoka na nusu isiyochoka sikuwahi kuishika hivyo.

Pini nne zilikataa kabisa, zikakatwa kwa gesi na mpya zikakerezwa Ngamiani. Upande mmoja ulichukua siku nne, mwingine sita.

Hapo kuna jambo nililifanya ambalo sikulipanga. Kitabu cha mzee ni cha inchi, na vipimo vyake ni vya sehemu: moja na tatu ya nane, kumi na tano ya thelathini na mbili. Vijana wake wawili wanatumia tepu ya sentimita, na kila wakifika kwenye sehemu wanamuita yeye, naye macho yameanza kuchoka. Nikaomba chaki. Tulikaa chini ya mwarobaini nikawachorea inchi moja kubwa kama meza kwenye bati la ua, tukaigawa mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka thelathini na mbili. Saa moja na nusu. Mkubwa wao aliposoma kipimo cha rola peke yake na mzee akakirudia kwa kaliper akakuta ndicho, mzee aliitika kwa kichwa tu. Tangu siku hiyo ananiita Mwalimu, si mwanangu tena.

Mzee alijifunza kwa mtu aliyejifunzia Kongwa, kwenye ule mpango wa karanga wa Waingereza wa kati ya 1947 na 1951. Ananisimulia kama alikuwepo. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita, na mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyobadilishwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta ya minyororo, yakaitwa Shervick. Ardhi ya Kongwa ikikauka inakuwa saruji, visiki vya miti ile havishikiki, na mashine zililala moja baada ya nyingine zikisubiri spea. Mwalimu wake alikuwa akimwambia kwamba pale ndipo alipojua kukereza, maana aliyengoja spea ije kwa meli alingoja mpaka mradi ukafungwa. Ndiyo maana gereji hii hawakwambii "spea haipatikani." Rola zangu zimefungwa bushi za shaba alizokerezewa mzee, na sili zake za kuzuia oili isivuje zilipatikana Gerezani, Dar es Salaam, si za D2 ila kipimo kilekile. Sproketi hakununua: aliyajaza meno kwa kulehemu, akayachonga kwa kufuata kigezo cha karatasi ngumu alichokikata kutoka kwenye jino moja lisiloliwa sana. Nilikuwa na wasiwasi na hilo. Wiki kumi na moja baadaye nimeyatazama, nayo yamekaa.

Klachi za kugeuzia ndizo zilinifundisha uvumilivu. Kwenye D2 ni sahani kavu, haziogi oili, na mashine ikisimama miaka sahani zinashikana kwa kutu. Wenzo wa kulia ulikuwa unavutika lakini upande haukati. Gereji nyingi wangeng'oa nyuma yote. Mzee alimimina mchanganyiko wa mafuta ya taa na dizeli kwenye chumba cha klachi, akauvuta wenzo akaufunga kwa kamba ya katani, akaacha siku mbili. Akamwaga, yakatoka mekundu kama chai ya rangi. Akamimina tena. Siku ya tano, injini ikiwa imeshapona, aliiwasha, akaingiza gia ya kwanza, wenzo ukiwa bado umefungwa, akakanyaga breki ya kulia mpaka chini na kuachia klachi kuu polepole. Mashine ilitetemeka, ikataka kuzima, kisha ndani kukasikika kishindo kimoja na ikazunguka yenyewe kulia kama mtu aliyeitwa. Vijana walipiga makofi. Mimi nilienda kusimama nyuma ya mwarobaini kidogo.

Injini hakuishusha. Hilo nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Alipima kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza hewa ndani ya silinda, akakuta silinda zote nne ziko karibu sawa, akasema kufungua kitu kizima ni kukitafutia ugonjwa. Alisafisha tangi, akabadilisha mipira yote ya dizeli, akapeleka nozeli zikapimwe na pampu ikaoshwe, akatoa pampu ya maji akaiwekea sili, basi. Angeweza kunitoza ovahoo nzima na nisingejua. Kwangu mimi, gereji ni mahali ambapo fundi anakwambia kisichohitaji kutengenezwa.

Kazi ilikuwa kwenye injini ndogo. D2 haina stata ya betri kama gari. Ina injini ya petroli ya silinda mbili iliyopachikwa ubavuni, hiyo ndiyo inayoizungusha kubwa mpaka iwake. Baba aliiita "mtoto." Alfajiri akitoka nje tulikuwa tunamsikia: "Ngoja nimwamshe mtoto amwamshe mama yake." Ninyi mnaopenda mitambo tazameni akili ya waliobuni hiki kitu. Injini mbili zinatumia maji yaleyale ya kupozea, kwa hiyo mtoto akiunguruma dakika chache maji yake ya moto yanampasha mama. Na moshi wa mtoto unapitishwa kando ya njia ya hewa ya mama, ili hewa anayoivuta iwe na joto. Kwa nchi za baridi ni uhai. Kwa Tanga ni anasa, lakini hata asubuhi za Julai mashine inashika bila kusumbua.

Kabureta ya mtoto ilikuwa imejaa utomvu wa petroli iliyokauka, rangi ya asali, mgumu kama gundi. Baba alipougua hakuna aliyekumbuka kuufunga mrija. Magneto, kifaa kinachotoa umeme wa kuwashia petroli, ilitoa cheche dhaifu. Kijana alisugua pointi, akabadilisha kondensa kwa ya gari dogo la zamani, na cheche ikawa ya buluu. Mzee alinifundisha mpangilio na kunirudisha nyuma kila nikikosea: fungua petroli, zungusha kamba, vuta. Mtoto akitulia, mpe muda apate moto. Wenzo wa kompresheni uwe umeachiwa ili mama azunguke mwepesi, ingiza gia ya mtoto, achia klachi yake, tazama geji ya oili ya mama mpaka sindano ipande. Hapo rudisha kompresheni, kisha fungua dizeli. Mama akishika, mtoto hazimwi kwa swichi: unafunga mrija wa petroli aimalize iliyobaki kwenye kabureta mpaka anyamaze mwenyewe. Hilo la mwisho alinirudisha mara nne.

Siku ile nilimsimulia mzee habari nyingine ya mwanangu, kwamba trekta za Ferguson, hizihizi alizoanzia kazi akiwa kijana, zilivishwa minyororo na Edmund Hillary akafika nazo Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958. Mzee alikaa kimya akiifuta mikono kwa tambara. Halafu akauliza, "Grisi yao haikuganda?" Nikasema nitamuuliza mwanangu. Akasema, "Muulize. Na muulize wakilala usiku wanaegesha juu ya nini."

Jibu lilikuja, na lilimfurahisha kuliko malipo. Wenye magari ya theluji huyaegesha juu ya mbao, na kabla ya kulala hukwangua theluji iliyoshindiliwa kwenye rola na minyororo, kwa sababu usiku inakuwa barafu na asubuhi gari limeshikamana na ardhi. Huo ndio wimbo alionipa yeye tangu siku ya kwanza, mahali pa theluji akiweka udongo wa Tongoni. Jioni, kabla tope halijakauka, chukua koleo fupi ukwangue katikati ya rola zote, maana likikauka rola haizunguki, inaburutwa, na inaliwa upande mmoja. Egesha juu ya mbao, usiegeshe kwenye majani yanayoshika umande wa chumvi. Usirudi kinyumenyume safari ndefu, kwani huko ndiko bushi na sproketi vinasagana zaidi. Usigeukie kulia kila mwisho wa mstari. Leo kulia, kesho kushoto. Mnyororo uwe umelegea inchi moja hadi moja na nusu kati ya aidla, yaani gurudumu la mbele la mnyororo, na rola ya juu, pima kwa rula iliyonyooka, na ukifanya kazi kwenye tope zito acha ulegee zaidi kidogo kwa kuwa tope linaukaza lenyewe. Hata kama huna kazi, iwashe kila wiki na uvute nyenzo zote mbili mara kumi, klachi zisije zikalala tena. Yote nimeyaandika kwenye kauntabuku, na tarehe.

Sasa lawama, nazo zipo. Aliniahidi miezi mitatu, ilichukua saba. Masika yaliingia, ua ukawa bwawa, na fremu ya jeki haifanyi kazi ndani ya maji. Ningemuelewa kama angenitumia hata neno. Simu hapokei, ukitaka habari ya mashine yako uende mwenyewe, na mimi natoka Tongoni. Risiti hawana. Nilianza kuandika malipo kwenye kauntabuku na kumpa asaini, akafanya bila kinyongo, lakini mteja asiye na tabia hiyo anaweza kugombana naye bure. Na kubwa lililoniuma: kijana mmoja alipokuwa akiondoa kutu kwa grainda alipita juu ya kibati cha namba. 5U inasomeka, tarakimu mbili za mwisho zimefutika. Ile ya kwenye injini ipo salama, lakini kibati kile baba alikuwa akikifuta kwa kitambaa kila Ijumaa. Mzee aliomba radhi mbele ya vijana wote, na hakuchukua hela ya rangi. Kama unapeleka mashine ya zamani popote, funika kibati kwa utepe wa karatasi wenye gundi kabla hujaikabidhi.

Gharama: lobedi (lori la kubebea mitambo) kwenda na kurudi laki saba, miguu yote, yaani kugeuza, kukereza, rola na sproketi, milioni mbili na laki moja na nusu, klachi na breki laki nne na ishirini, magneto, kabureta, nozeli na pampu laki sita na kumi, oili, grisi na mafuta ya taa laki tatu na tisini. Jumla milioni nne, laki mbili na elfu sabini. Karibu nusu ni miguu, kama alivyosema akiwa amepiga magoti kwenye majani na chaki mkononi.

Kama una haraka, usiende. Kama unataka mashine ing'ae kwa ajili ya kuuzwa, pia usiende, watakuchosha. Kama una katapila ya mzazi, au trekta ya Ferguson iliyokufa nyuma ya nyumba, na unataka ifanye kazi, nenda asubuhi kabla ya saa tatu, mzee akiwa bado hajaingia chini ya gari la mtu. Nenda na picha ya minyororo, ya injini iache nyumbani. Atakuuliza ilisimama mwaka gani na petroli ilimwagwa au la.

Ninadaiwa laki moja na themanini, nimeahidi kulipa machungwa ya Muheza ya shemeji yangu yakishateremka sokoni, naye amekubali kwa sharti nimpelekee vijana wake siku moja zaidi ya hesabu, safari hii milimita na inchi kwa pamoja. Nimeshanunua chaki. Katapila ipo bandani, chini ya bati jipya, juu ya mbao nne za mkorosho, na mrija wa petroli umefungwa.